Miguu Ikivimba na Sababu Haijulikani, Usirudi Nyumbani Bila Kupimwa

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, kaa chini uvue kandambili. Weka kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu, vidole vinne juu ya kifundo. Bonyeza kwa nguvu ya wastani huku ukihesabu polepole hadi kumi, kisha ondoa kidole. Ngozi ikirudi palepale, hapo hakuna maji. Kikibaki kishimo, kama unapobonyeza donge la unga wa chapati, basi maji yametoka kwenye mishipa ya damu na yamekaa chini ya ngozi. Rudia mguu wa pili.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule mnayemwita VHT, hapa Rwamwanja katika wilaya ya Kamwenge. Kama wengi wenu, nilifika 2012 tukikimbia vita vya Kivu Kaskazini. Katika kupita nyumba kwa nyumba nimekiona kishimo hicho kwa wazee, kwa akina mama, kwa vijana wenye nguvu za kulima, na kwa watoto waliobebwa mgongoni. Wengi walikuwa nacho kwa miezi. Ukiuliza, kila mmoja ana jina lake: miguu imechoka, ni baridi, ni damu nyingi, amekanyaga dawa ya mtu, amelishwa sumu. Sisi tuliotoka Kivu tunalo hata jina la sumu yenyewe, karuho, na tumbo likijaa jirani husema hilo kabla ya mgonjwa mwenyewe kufungua kinywa.

Kuna mama mmoja wa kijiji chetu ambaye ameniruhusu niandike habari zake, ila jina lake ameniomba niliache. Alijifungua mtoto wa nne salama. Wiki sita baadaye miguu ikaanza kujaa. Wakubwa wakasema ni uzazi, itapungua. Akaenda duka la dawa, akauziwa vidonge vya kukojoa. Siku tatu alikojoa sana, miguu ikapungua, akafurahi na kuvaa viatu vyake vya kanisani. Wiki iliyofuata maji yalirudi, safari hii hadi magotini. Akaenda kwenye kituo kimoja cha afya. Foleni ilikuwa ndefu, akapimwa malaria, hakuwa nayo, akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa apumzike. Basi ndugu wakakata shauri kwamba ni karuho. Wakauza mbuzi wawili, wakamlipa mtu aliyemtapisha kwa dawa ya majani.

Nilipomtembelea niliona magunia mawili ya mahindi juu ya kitanda. Nikamuuliza, "Mama, unalalaje?" Akacheka kwa aibu. Akasema akilala chali anahisi kama mtu anazama ziwani, kwa hiyo anaegemea magunia, na wiki hiyo hata magunia hayakutosha, alikuwa analala ameketi ukutani huku mtoto yuko mapajani. Tangu avimbe hakuna aliyemuuliza swali hilo, na yeye hakujua kwamba kulala na kuvimba ni jambo moja. Usiku uleule tulimpandisha pikipiki.

Nitarudi kwake. Kwanza tuelewane maji haya yanatoka wapi.

Maji yanavyotoroka

Damu yako kwa sehemu kubwa ni maji, nayo yanazunguka mwilini kwa sababu moyo unayasukuma. Ndani ya damu kuna protini iitwayo albumini. Ini ndilo linaloitengeneza, na kazi yake mojawapo ni kuyashika maji yasivuje nje ya mishipa. Figo nazo huchuja damu, hutoa maji na chumvi iliyozidi kupitia mkojo, na huirudisha albumini ndani isipotee.

Sasa fikiria. Moyo ukichoka, damu inarudi nyuma na kujaa kwenye mishipa ya miguu na mapafu. Chujio la figo likitoboka, albumini inatoka na mkojo. Ini likiharibika, albumini haitengenezwi ya kutosha. Chakula kikipungua sana, hasa kwa mtoto, mwili mzima unashindwa kuyashika maji mahali pake. Katika hali hizi zote utaona mguu uleule uliovimba, lakini tiba ya moyo si tiba ya figo, na ya figo si ya njaa. Ndiyo maana nasema mtu asikupe dawa ya kuvimba kabla hajajua ni kiungo gani kimeshindwa kazi.

Mahali na saa uvimbe unapojitokeza husaidia kukisia. Uso na kope zikijaa asubuhi, na mkojo ukiwa na povu lisiloisha haraka, daktari hufikiria figo kwanza. Miguu ikijaa jioni na kupungua usiku, pamoja na kukosa pumzi unapopanda mlima au unapolala, hufikiria moyo. Tumbo likitangulia kujaa kabla ya miguu, macho yakiwa na umanjano, ni ini, na hapo ataulizia pombe kali, homa ya ini aina ya B, na kichocho kwa mtu aliyevua au kuoga Ziwa Albert. Kifua kikuu nacho kinaweza kujaza tumbo maji, au kuzunguka moyo, jambo ambalo wengi hawalijui. Mguu mmoja tu ukivimba ghafla, ukawa wa moto na wenye maumivu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni linaua.

Hizo ni dalili za kukisia tu. Moyo na figo mara nyingi huumwa pamoja, na mtu mwenye virusi vya ukimwi anaweza kuvimba kwa sababu ya figo ingawa anajiona mzima.

Mtoto mnono ambaye si mnono

Hapa naomba akina mama na akina bibi mnisikilize vizuri. Nyumbani tunaita bwaki. Madaktari huita kwashiorkor, neno la Kiga la nchini Ghana ambalo daktari Cicely Williams aliliingiza katika vitabu vya tiba mwaka 1935. Wenyeji wake walilitumia kwa ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa na yeye kuachishwa ziwa. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, majirani wanasifu kwamba mtoto ananenepa. Lakini hachezi, analia bila nguvu, nywele zimekuwa laini na nyekundu, ngozi inabanduka.

Mbonyeze mtoto juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, hesabu hadi tatu. Vishimo vikibaki miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali, hata kama utepe wa kupimia mkono umeonyesha kijani. Narudia kwa sababu nimeona akina mama wanarudishwa na furaha ya kijani: utepe hupima unene wa mkono, hauwezi kujua kwamba sehemu ya unene huo ni maji. Mpeleke siku hiyohiyo na umwonyeshe mhudumu miguu, usimwonyeshe mkono peke yake. Na usimpe kamwe vidonge vya kukojoa, kwani mtoto wa bwaki akinyweshwa dawa hiyo anaweza kufa. Dawa yake ni chakula maalumu cha karanga cha paketi pamoja na dawa za kuua vijidudu, na paketi hizo ni za mgonjwa, hazigawanywi kama mgao wa kawaida, ingawa najua ilivyo vigumu kumnyima ndugu yake anayetazama.

Miguu ya wakulima wa Kamwenge

Kuna uvimbe mwingine ambao ni wa hapa hapa tunapoishi. Mwaka 2015 zilitolewa taarifa kwamba watu wa Kamwenge wana miguu mikubwa ya matende. Wataalamu walikuja wakapima wakitafuta minyoo ya matende, ile inayoenezwa na mbu, na hawakuikuta. Walichogundua ni ugonjwa unaoitwa podokoniosisi. Chanzo chake ni udongo. Udongo mwekundu uliotokana na volkano una chembe ndogo sana za madini. Mtu akilima peku miaka mingi, chembe huingia kupitia ngozi ya nyayo na kuharibu njia ndogo zinazorudisha maji kutoka miguuni. Mguu huanza kuwasha na kuchoma, unavimba na kupungua, na mwishowe haupungui tena, ngozi inakuwa ngumu yenye vinundu.

Uchunguzi ule uliona kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni waliofanya kazi bila viatu, na pia waliochelewa kunawa miguu hadi mwisho wa siku badala ya kunawa mara wanapotoka shambani. Sisi tuliopewa viwanja vya kulima katika udongo wa eneo hili tulisikie hilo. Gambuti ni bora, lakini hata kiatu cha zamani kinachofunika mguu mzima ni bora kuliko kandambili. Nawa kwa sabuni ukifika tu nyumbani, kausha katikati ya vidole, paka mafuta. Mguu ukiwa umeanza kuvimba, kunawa huko huko kila siku, kuuinua na kuufunga bendeji kama utakavyoelekezwa hupunguza ukubwa na homa za mara kwa mara. Hauambukizi. Mke hawezi kuupata kwa kulala na mumewe, na mtoto hawezi kuupata kwa kuvaa viatu vya babu. Nimemwona mzee akila peke yake nyuma ya nyumba kwa sababu ya miguu yake, na sikupenda.

Vidonge vya dukani

Dawa inayouzwa sana kwa waliovimba ni furosemaidi, wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua anachotibu. Ubaya wake ni kwamba inakausha mguu kwa siku chache na kumfanya mgonjwa aamini amepona, huku moyo au figo vikiendelea kuharibika kimya kimya. Inatoa pia madini ya potasiamu, na yakipungua sana moyo hupiga ovyo. Mama mjamzito asiinunue kabisa.

Tena, kuna dawa ambazo zenyewe huvimbisha. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni vikimezwa kila siku huzuia chumvi kutoka na huumiza figo. Deksamethasoni, ile inayouzwa kwa wanaotaka kunenepa, hujaza uso. Amlodipini ya presha huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Ukiona hivyo usiache dawa ya presha mwenyewe, rudi ukaelezee, ibadilishwe. Na kama umetumia dawa ya majani, chukua kipande au chupa uende nayo. Daktari anayejua ulichokunywa atakusaidia kuliko daktari uliyemficha. Kuchanja mguu kwa wembe ili maji yatoke ni kufungua mlango wa usaha. Acha.

Ukifika kituoni

Huduma za kawaida katika vituo vya serikali ya Uganda hazilipiwi tangu 2001, na mkimbizi anatibiwa humo pamoja na mwenyeji. Tatizo letu ni muda na lugha. Mhudumu amewaona watu wengi tangu asubuhi, wewe unasema "mwili unaniuma", mkalimani anasema "ana maumivu", unapewa vidonge vya maumivu. Simlaumu sana mhudumu, maana amejibu alichoambiwa.

Kwa hiyo andaa maneno yako nyumbani. Lile daftari la shule tunalotumia kama kitabu cha matibabu, liandikwe kabla hujatoka: nilivimba lini, nilianza kuvimba wapi, asubuhi kukoje na jioni kukoje, nalala kwa mito mingapi, mkojo ni mwingi au kidogo na una povu au damu, dawa gani nimemeza. Kama hujui kuandika, mwambie mwanao wa shule. Usibadilishe daftari kila safari, kwa sababu daktari wa leo anahitaji kuona alichoandika yule wa mwezi uliopita.

Kisha, kwa heshima, omba mambo matatu kabla hujaondoka: wakupime presha, wakupime mkojo, wakusikilize kifua. Kipimo cha mkojo ni kijiti kinachochovywa na kusomwa kwa dakika chache, nacho huonyesha kama protini inatoka. Unaweza kusema hivi: "Daktari, samahani, nimevimba wiki sita na sijapimwa mkojo. Naomba unisaidie nipimwe leo." Nimeona maneno hayo yakifanya kazi mara nyingi kuliko hasira. Ukijibiwa kwamba kijiti kimeisha, uliza kitapatikana lini na iandikwe kwenye daftari. Na swali la mwisho: "Unashuku nini, na nirudi lini?" Kama baada ya safari ya pili hakuna jibu, omba barua ya rufaa uende hospitali yenye picha ya tumbo na ya moyo. Nijulishe mimi au VHT wa kijiji chako, hiyo ni kazi yetu, tukufuatilie.

Usisubiri asubuhi kama unakosa pumzi ukilala, kama kifua kinabana, kama mguu mmoja umevimba ghafla na kuuma, kama mkojo umekatika siku nzima, au mgonjwa anachanganyikiwa. Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, akivimba uso na mikono pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba, na saa moja ni nyingi.

Wakati unasubiri jibu

Kusubiri ni kazi ngumu. Mtu anavimba, vipimo vya kwanza havioneshi kitu, mtaani wanaanza kunong'ona. Wakati huo kuna mambo ya kufanya. Punguza chumvi, na samaki wa chumvi mloweke umwage maji yake. Vidonge vya kuungia mchuzi navyo vina chumvi nyingi. Usijinyime maji ya kunywa isipokuwa umeambiwa. Ukikaa, inua miguu juu ya jeri-keni iliyolala, ila kama pumzi inakata ukiinua, shusha na uende kituoni. Angalia ngozi kila jioni, kwani ngozi iliyojaa maji hupasuka upesi na kidonda kidogo hugeuka kikubwa.

Na pima. Mwenye kupata mizani ajipime mara kwa mara asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, hayo ni maji, siyo ugali. Asiye na mizani achukue kamba, azungushe mguu mahali palepale kila asubuhi, apige fundo. Baada ya wiki mbili mafundo yatakuonyesha kama unaelekea juu au chini, na daktari ataelewa kamba hiyo bila mkalimani.

Turudi kwa yule mama. Kituoni nesi alisikia maji kwenye mapafu, na asubuhi akapelekwa hospitali kwa rufaa. Picha ilionyesha moyo uliopanuka na kuchoka. Aliambiwa kuna ugonjwa wa moyo unaowapata baadhi ya wanawake katika mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, na kwamba wengi hupata nafuu wakiwahiwa na kumeza dawa bila kuruka. Katika dawa zake imo pia ile furosemaidi aliyoinunua dukani, safari hii kwa kipimo na pamoja na nyingine za kuusaidia moyo wenyewe.

Jambo gumu lilikuwa la mwisho. Daktari alimwambia asibebe mimba nyingine, maana moyo unaweza kushindwa tena, vibaya zaidi. Mama wa watoto wanne, wote wasichana, na mume anayetaka mvulana. Alikaa na neno hilo wiki mbili bila kulisema. Hatimaye aliniomba niwepo, nikaja jioni, tukaketi watatu. Mume alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza tarehe ya kurudi hospitali ili aende naye akasikie mwenyewe.

Walienda. Yale magunia mawili wameyauza, na kitandani sasa kuna mto mmoja.